Mhubiri Arudipo Nyumbani

Katika vilima vya Nzahaha, wilayani Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, nchi ya kigeni haiko mbali. Chini ya vilima hivyo limetandaa bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga, na kandokando yake unapita mto Rusizi, utokao ziwa Kivu kwenda kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Kusini ni Burundi. Masokoni, mchuuzi hutaja bei kwa Kinyarwanda, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kwa kadiri ya mteja aliyesimama mbele yake.

Kwa hiyo kwaya au wahubiri wa upande huu wanapoalikwa "nje ya nchi", huenda safari yenyewe ikawa ya saa chache tu. Hata hivyo ni safari kamili. Msafiri huaga watu wake, huonyesha kitambulisho mpakani, huingia katika nyumba ya watu asiowajua, hula chakula chao, na hulala juu ya kitanda ambacho mwenyeji amemwachia, huku mwenyeji mwenyewe akitandika mkeka sebuleni.

Wahenga walisema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Lakini wahenga hao hao walionya pia kwamba mtembezi hula miguu yake. Misemo yote miwili ni ya kweli, na ndiyo inayozaa swali la makala haya: mtu aendaye ugenini kwa kazi ya kanisa huokota nini huko? Na ni nani awezaye kushuhudia kwamba ameokota kitu, au kwamba amechosha miguu tu?

WILAYA ILIYOPOKEA WAGENI

Wakazi wa Rusizi, ambayo zamani iliitwa Cyangugu, wanazifahamu safari za kidini kwa muda mrefu, ingawa kwanza walizifahamu kwa upande wa wenyeji. Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo wamisionari walipanda hapo mibuni iliyokuja kuenea, na hata leo aina moja ya kahawa ya Rwanda inaitwa kwa jina la Mibirizi. Mwaka 1940 Wapentekoste kutoka Sweden, wakitokea upande wa Kongo, walianza kazi Gihundwe, karibu na Kamembe. Kutoka hapo lilikua kanisa la ADEPR, ambalo leo lina matawi katika pembe zote za nchi.

Kwa miaka mingi habari za safari kama hizo zilisimuliwa kwa namna moja tu. Aendaye ndiye mwenye kutoa, naye aendewaye ndiye mwenye kupokea. Mgeni alikuja na kitabu, na dawa, na shule. Mwenyeji alikuja na kiu yake. Ilidhaniwa kwamba anayepaswa kubadilika ni mwenyeji peke yake.

Dhana hiyo haikuwa kweli tupu. Upande wa pili wa nchi hiyo hiyo ya Rwanda, huko Gahini mashariki, kilitokea kisa kilichoonyesha kwamba mgeni naye hubadilika, na pengine kuliko mwenyeji.

DAKTARI ALIYEKWENDA KUPUMZIKA

Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika Gahini mwaka 1928 kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Hakukaa sana kabla nchi haijakumbwa na njaa kali, ile ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura. Baada ya kazi hiyo ya kuhangaika na wagonjwa na wenye njaa, daktari alichoka mwili na moyo. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko, karibu na kanisa kuu la Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alikuwa Mganda, mtu aliyepata kutumika katika kikosi cha utabibu cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye katika kazi za serikali. Yeye naye alikuwa na njaa yake, si ya chakula bali ya roho. Watu hao wawili, mmoja daktari mzungu aliyetumwa kufundisha, mwingine Mwafrika ambaye kwa desturi za siku zile angetazamiwa kufundishwa, waliketi pamoja wakisoma Biblia na kusali, kila mmoja akikiri kwamba amepungukiwa. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Muda mfupi baadaye alisafiri mtu wa pili. Yosiya Kinuka, mwenyeji wa Ankole, alikuwa mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini. Hospitalini kulikuwa na magomvi. Wafanyakazi walinung'unika, vitu vilipotea, na daktari na msaidizi wake mkuu hawakuwa wakisikizana. Kinuka alikwenda Kampala kuonana na Nsibambi, akamweleza mabaya yote ya hospitali. Bila shaka alitarajia kuonewa huruma. Badala yake Nsibambi alimgeuzia swali. Alimwonyesha kwamba chanzo cha hali hiyo huenda kimo moyoni mwake yeye mwenyewe.

Yasemwa kwamba Kinuka aliyatafakari maneno hayo njiani wakati wa kurudi, na kabla ya kufika alikuwa amekubali. Alipofika hakuanza kuhubiri. Alianza kwa kuungama makosa yake kwa wale aliofanya nao kazi. Hapo ndipo wafanyakazi wa hospitali walipoanza kumtazama kwa macho mengine, na baadhi yao wakamfuata.

Jambo la kuangaliwa katika visa hivi viwili ni hili: hakuna aliyebadilishwa na umbali. Kutoka Gahini hadi Kampala ni safari ya Afrika Mashariki kwa Afrika Mashariki. Waliobadilika walibadilika kwa sababu walikwenda wakiwa na pungufu, wakakubali kuambiwa ukweli na mwenyeji, kisha wakaupeleka ukweli huo mahali walipotoka, penye watu waliowajua.

SAFARI ZA MAKUNDI

Kutoka Gahini ulienea ule uitwao Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1935 kundi la wahubiri lilikwenda Kabale, Uganda. Mwaka 1937 wengine walifika Kabete, Kenya. Na kabla ya miaka hiyo ya 1930 kwisha habari hiyo ilikuwa imeingia Tanganyika kupitia upande wa Bukoba. Wahubiri hawakwenda mmoja mmoja kama mabwana wakubwa. Walikwenda kwa makundi, Waafrika na Wazungu pamoja, walimu na wauguzi na wachungaji. Walisali pamoja kabla ya kusema mbele za watu, na aliyekuwa na neno dhidi ya mwenzake alilitoa kwanza.

Katika siku zile za ukoloni, ambapo hata meza ya kulia chakula iligawa watu kwa rangi, mwenendo huo haukuwa jambo dogo. Mzungu aliyeungama hasira yake mbele ya msaidizi wake Mwafrika hakuweza tena kurudi katika ubwana wake wa jana kana kwamba hakuna lililotokea. Naye Mwafrika aliyesamehewa na kusamehe hakuweza tena kujificha nyuma ya unyenyekevu wa uongo.

Matunda yaliyoonekana yalikuwa ya nyumbani. Watu walirudisha mali waliyoiba. Wengine walilipa madeni ya zamani. Wake na waume waliombana msamaha. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ulienea ukawa alama ya watu hao toka Rwanda hadi pwani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili safari ziligeuka upande. Mwaka 1947 wajumbe wa Uamsho walikwenda Ulaya. Miongoni mwa waliowasikiliza Uingereza alikuwako mhubiri Roy Hession, ambaye ndiye aliyewaalika wamisionari kutoka Afrika Mashariki waje kuzungumza katika mkutano wake wa Pasaka. Mwenyeji huyo, aliyekuwa amezoea kuwaita wengine watubu, alijikuta yeye ndiye anayeitwa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

MKE ALIYEACHWA JIKONI

Katika kizazi kilichofuata hakuna aliyesafiri sana kwa kazi hiyo kama Festo Kivengere, mzaliwa wa Kigezi, Uganda, mwaka 1919. Katikati ya miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera waliacha kwao wakaenda Dodoma, Tanganyika, naye akafundisha shule huko kwa zaidi ya miaka kumi. Ugeni huo ulimpa lugha. Mwaka 1960, Mmarekani Billy Graham alipohubiri Tanganyika, ni Kivengere aliyekuwa akimfasiria kwa Kiswahili. Baadaye sauti yake ilisikika Australia, Ulaya na Marekani, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Mtu kama huyo angeweza kusimulia maajabu ya miji mikubwa. Lakini kisa alichopenda kuwasimulia watu ni kidogo mno, tena cha jikoni. Alieleza kwamba siku moja alikoseana na mkewe, kisha akatoka kwenda kuhubiri, saa ikiwa imekwisha kumbana. Njiani alihisi moyoni akiambiwa arudi akapatane na mkewe kwanza. Akajitetea kwamba watu wanangoja. Atahubiri kwanza, mambo ya nyumbani atayatengeneza baadaye. Jibu alilolisikia moyoni lilikuwa kwamba basi aende akahubiri, lakini Roho atabaki nyumbani na mkewe. Kivengere aligeuza njia akarudi.

Kila mwenye nyumba atakielewa kisa hicho. Safari ya kanisa inaweza kuwa njia nzuri mno ya kukimbia nyumba yako. Ugenini hakuna anayejua kwamba karo ya mtoto haijalipwa, wala kwamba kuta za chumba zinavuja. Ugenini mhubiri hupigiwa makofi. Nyumbani anaulizwa mahali alipoiweka ile pesa ya mafuta.

Jaribio kubwa zaidi la Kivengere lilikuja mwaka 1977. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe walikimbia kwa miguu usiku, wakapanda milima na kuingia Rwanda. Safari hiyo haikuwa na mwaliko wala nauli. Baadaye, akiwa London siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka huo huo, alitambua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa ikimla, naye akaomba aondolewe. Kitabu alichokitoa mwaka huo kilibeba jina lililowashangaza wengi, kwa kuwa lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi Uganda kulisaidia taifa lililojeruhiwa, akatumika hadi alipofariki mwaka 1988.

SAFARI PEKE YAKE HAITOSHI

Si haki kusimulia mema peke yake. Nchi iliyokuwa kitovu cha Uamsho ndiyo nchi iliyotumbukia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watu waliokuwa wakiimba pamoja waligeukana. Huko Mibirizi, wilayani Rusizi, Watutsi waliokimbilia parokia wakitumaini usalama waliuawa Aprili ya mwaka huo. Walikuwako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao; walikuwako pia Wakristo walioshika mapanga.

Funzo ni chungu lakini ni la lazima. Kusafiri kwa jina la Mungu, kuungama mbele za mkutano na kuimba kwa machozi hakumpi mtu kinga ya maisha. Lililobadilika moyoni lisipolindwa kila siku, kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, hunyauka. Mtu anaweza kuvuka mipaka mitatu na asiweze kuvuka ua uliopo kati yake na jirani yake.

SAFARI FUPI ZA SIKU HIZI

Siku hizi safari zimekuwa nyingi na fupi. Mtaalamu wa Marekani Robert Wuthnow, wa chuo kikuu cha Princeton, alikadiria kwamba katika mwaka 2005 Wamarekani wapatao milioni 1.6 walisafiri nje kwa safari fupi za kanisa, wengi wao kwa wiki moja au mbili. Rwanda nayo iliwapokea. Kuanzia mwaka huo wa 2005 kanisa la Saddleback la California, chini ya mchungaji Rick Warren, lilituma waumini wake mamia kwa mamia, na katika Mkoa wa Magharibi, upande wa Karongi, walisaidia makanisa kuwafunza watu wa kujitolea kuhudumia afya vijijini.

Je, wasafiri hao hubadilika? Mwalimu Kurt Ver Beek wa chuo cha Calvin, Marekani, alilichunguza jambo hilo nchini Honduras, ambako vikundi vya makanisa vilikwenda kujenga nyumba baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 2006 alionyesha kwamba wasafiri wengi walijiona wamebadilika, na walisema wanatoa sadaka zaidi kuliko kabla ya safari. Lakini vitabu vya hesabu vilipofunguliwa, nyongeza iliyoonekana ilikuwa ndogo. Tena, nyumba moja iliyojengwa na wasafiri, ukihesabu na nauli zao, iligharimu kama dola 30,000, ilhali chama cha wenyeji kiliweza kujenga nyumba kama hiyo kwa kama dola 2,000.

Hesabu hiyo haina nia ya kumwaibisha mtu. Inafundisha tu kwamba kujisikia umebadilika na kubadilika ni mambo mawili. Machozi ya siku ya kuagana ni ya kweli, lakini hayajawa tabia. Sababu haziko mbali. Msafiri wa wiki moja aghalabu hulala na kundi lake, hula na kundi lake, husema kupitia kwa mkalimani, na huonyeshwa nyumba iliyokwisha fagiliwa. Mwenyeji kwa adabu yake hamwambii linalomuudhi. Hapati nafasi ya kuambiwa kile ambacho Nsibambi alimwambia Kinuka.

Desturi ya Waswahili ilikwisha kulitambua jambo hilo kwa msemo usemao kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyepewa jembe hujua uzito wa udongo wa mwenyeji, na huona jinsi mwenyeji anavyomlipa kibarua na anavyomwamsha mtoto. Hapo ndipo ugeni huanza kumfundisha. Mhubiri kutoka Nzahaha akishinda siku moja shambani na wenyeji wake ng'ambo ya mto, huenda akajifunza zaidi kuliko katika mikutano mitatu ya jukwaani.

MIZANI IKO NYUMBANI

Familia za askari zinalifahamu jambo hili kuliko nyingine. Rwanda ilianza kupeleka askari wa kulinda amani Darfur mwaka 2004, na Tanzania nayo imepata kupeleka wanajeshi wake huko na mashariki mwa Kongo. Mke wa askari hahitaji kuambiwa habari za safari; huitambua katika wiki ya kwanza baada ya mume kurudi. Huitambua kwa sauti anayotumia kuwaita watoto, na kwa namna anavyolala. Huitambua pia anapomkuta mumewe akitandika kitanda asichokuwa akikitandika zamani.

Kwa msafiri wa kanisa mizani ni hiyo hiyo. Kwa hiyo yafaa nyumba iandaliwe kabla na baada ya safari.

Kwanza, nauli isitokane na kinywa cha mtoto. Ikiwa ni lazima kuuza mbuzi au gunia la mchele, mume na mke wapatane waziwazi, nao wakubwa miongoni mwa watoto waelezwe. Deni lililofichwa huifanya ibada yote kuwa uwongo.

Pili, anayebaki ahesabiwe kuwa yumo safarini. Mama anayechota maji, kulisha mifugo na kumpeleka mtoto zahanati kwa siku kumi, ili mumewe aimbe ng'ambo, ametumwa pamoja naye. Kadhalika mume anayebaki na watoto mkewe anapokwenda na kwaya asione haya kushika mwiko. Wanaotuma wasifu jina la aliyekwenda peke yake.

Tatu, anaporudi asianze na picha wala zawadi. Kanga na viatu vya mtoto ni vizuri, lakini vingojee. Aulize kwanza yaliyotokea nyumbani, asikilize mpaka mwisho, ndipo asimulie ya kwake. Mwenye kutangulia kusikiliza ameonyesha tayari kwamba safari imemfunza kitu.

Nne, aliyoyaona mema kwa wenyeji ayatie katika kazi. Ikiwa huko aliona mume na mke wakihesabu mapato ya mauzo pamoja, naye ahesabu pamoja na mkewe. Ikiwa aliona jirani maskini akikaribishwa mezani, naye akaribishe. Jambo moja dogo likishikwa mwaka mzima latosha.

Tano, mwenyeji aliyempa kitanda asisahauliwe. Barua, salamu za simu, au kumpokea yeye au mwanawe anapovuka mto kuja sokoni ni deni la heshima. Urafiki unaoishia kituo cha mpaka haukuwa urafiki.

Jioni inapoingia, kwaya hurejea. Gari huwashusha barabarani, nao hupanda mlima na mizigo yao, sauti zikiwa zimekauka kwa kuimba. Kila mmoja huelekea mlango wake. Makofi yamebaki ng'ambo ya mto. Ndani, taa imewashwa, maharage yamo jikoni, na mtu mmoja anasikiliza hatua zinazokaribia, akitaka kujua ni nani huyu anayerudi.